Watani Waliothibitishwa

Kitu cha kwanza kilichomtia Leokadia Kihwele kinyaa asubuhi ile kilikuwa harufu ya ubani. Si ubani wa kweli, ni maji fulani ya dukani ambayo Mamlaka ya Utulivu ilikuwa ikiyapuliza kwenye korido zote, eti yanatuliza roho za watuhumiwa. Mhandisi aliyechagua harufu hiyo hakuwahi kujiuliza watu wa Iringa wanafukiza ubani wakati gani. Kwa hiyo kila aliyeingia pale kusubiri hukumu aliingia akinusa jeneza.

Cha pili kilikuwa jengo lenyewe. Alilijua kuliko nyumba yake. Miaka ishirini na miwili alifundisha humo historia na mila za watu, mpaka walipokuja mabwana wenye suti wakasema kitivo hakina tija, hakizalishi kitu kinachouzika, kifungwe. Vitabu vikapigwa picha na mashine, kisha vikasagwa vikawa trei za mayai. Trei za mayai, jamani! Hata sasa, akienda dukani kununua mayai, roho ilimchafuka.

Na sasa alikaa kwenye chumba kile kile alichokuwa akifundishia, akiwa Muidhinishaji Daraja la Pili, mama wa miaka hamsini na minane mwenye skrini moja na kitufe kimoja.

Baada ya ghasia za masokoni, zilizoanza kwa matusi ya watu wawili na kuisha mitaa mitatu ikiteketea, nchi nzima ilikubali kuwekewa Sikio. Kila nguzo ya umeme ilifungwa kinasa sauti na kamera, kila mkono ukavishwa bangili. Sikio lilipima maneno, mwinuko wa sauti, mapigo ya moyo ya msemaji na ya wanaomsikiliza, na kabla hujafunga mdomo lilikuwa limeshaamua kama umetukana, umetisha au umechochea. Adhabu haikuwa jela. Ilikuwa kiraka, kitu chembamba kama ganda la kitunguu, kinachobandikwa kooni na kuua kila mtikisiko wa sauti. Unafungua mdomo, unatoka upepo tu.

Sheria ilidai hukumu ya mashine itiwe saini na binadamu mmoja mwenye akili timamu, ndipo Leokadia akapata ajira. Alishatia saini maelfu. Wengi walistahili, alijiambia, wachochezi wale, watu wa kuwasha moto kisha wakakaa pembeni wakitazama. Alijiambia hivyo kila jioni akinawa mikono, na siku hizi alikuwa ananawa sana.

"Faili jipya," ilisema sauti ya Sikio, ya kike, laini, yenye adabu ya kununuliwa. "Gaudensi Komba, miaka sabini na tisa, fundi viatu mstaafu, mkazi wa Mtwivila. Kumtukana marehemu. Kuwadhihaki wafiwa kwa misingi ya kabila. Kuzuia maziko. Kuchukua koti la marehemu. Pendekezo, kiraka kwa miaka kumi. Tafadhali tia saini."

Leokadia hakutia saini. Alifungua video.

Yalikuwa makaburi ya Kihesa, juzi saa tisa alasiri, watu wamefunga makoti kwa baridi ya Julai. Jeneza la Mzee Mhavile liko chini kando ya shimo. Mzee mmoja mfupi, mweusi, amevaa koti kubwa lisilo lake, anatembea huku na huko akichechemea kama alivyokuwa akichechemea marehemu.

"Leo mbwa wote wa Kihesa watalala usingizi mnono!" alipiga kelele mzee yule. "Adui yao amekufa!"

Kisha akateremka mwenyewe kaburini, akajilaza chali.

"Sitoki! Huyu Mhehe alikuwa mchoyo akiwa hai, hatakuwa mkarimu akiwa mfu! Nileteeni jogoo hapa. La sivyo nazikwa mimi, yeye mkamfukie jikoni!"

Mjane, Bibi Yustina, alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yakimtikisika. Pembeni ya picha Sikio lilikuwa limeandika kwa herufi nyekundu: *Mfiwa: machozi, kutetemeka, mapigo ya moyo juu. Madhara makubwa.*

Madhara! Leokadia aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamlowesha miwani, kwa kuwa Bibi Yustina chini ya khanga ile alikuwa anacheka, tena anacheka vibaya, kicheko cha mtu aliyelia siku mbili na sasa kapata mahali pa kupumulia.

"Mama, unaumwa?" aliuliza Nuhu kutoka meza ya pili.

Nuhu alikuwa mhandisi wa Sikio, kijana wa miaka ishirini na tisa, mpole, mwenye kumletea chai bila kuombwa. Kama kulikuwa na mtu mwema kwenye jengo lile, alikuwa yeye.

"Siumwi. Yule mzee ni mtani," alisema Leokadia akifuta miwani. "Mngoni huyo, na wafiwa Wahehe. Mababu zao walipigana vita vibaya sana. Walipochoka kuuana wakabaki kutaniana. Mngoni anakuja kwenye msiba wa Mhehe kumtukana marehemu, kumwita mla mbwa, kuvaa nguo zake, kulala kaburini. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Asipokuja ndipo watu wanaulizana kuna nini."

Nuhu alimtazama kana kwamba amemwambia watu wa Iringa wanaruka usiku.

"Sikujua, mama. Wazazi wangu hawakuwahi kunieleza, na shuleni tangu darasa la tatu ni hesabu na programu tu."

"Na Sikio je? Mlilifundisha saa milioni ngapi za mazungumzo? Hakuna hata msiba mmoja humo?"

Kijana akainamisha kichwa. "Sokoni tulirekodi, bungeni, mahakamani, vijiweni, mpaka vyumba vya kujifungulia. Misiba tuliiacha. Timu nzima tulikubaliana, ni kukosa adabu kuwarekodi watu wakilia."

Leokadia alishindwa kumkasirikia. Walikuwa na adabu, maskini, walilelewa vizuri. Kati ya wahandisi themanini hakukuwa na hata mmoja wa kuwaambia kwamba kwenye msiba watu wa hapa hawalii tu.

*

Mkurugenzi Kisamo alikuwa akichokonoa meno. Aliendelea kuchokonoa Leokadia alipoingia, akakitazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni. Khaa! Leokadia aliyaelekeza macho dirishani.

"Dokta," alisema Kisamo, akilitamka neno hilo kama jina la utani la mtoto mtukutu, "naambiwa umegoma kutia saini."

Leokadia alieleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama zamani mbele ya wanafunzi. Vita, mapatano, misiba, vicheko. Kisamo alisikiliza hadi mwisho, jambo lililomshangaza.

"Safi kabisa," alisema. "Basi nipe kanuni."

"Kanuni ipi?"

"Nani mtani wa nani. Kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, na nani ana haki ya kusema nini. Tunaiingiza kwenye mfumo, bangili inasoma kabila la mtu, Sikio linajua huyu ana ruhusa, huyu hana. Mzee wako anatoka leo leo na sauti yake."

Leokadia aliyatoa macho dirishani, akamtazama usoni.

"Sheria inakataza Sikio kujua kabila la mtu."

"Kuna kifungu cha dharura. Ninakisaini mimi."

"Mkurugenzi, zipo nchi zilizowaandikia watu kabila kwenye vitambulisho. Walianza kwa nia njema kama yako, kwa ajili ya utaratibu tu. Baadaye watu walisimamishwa barabarani, wakaombwa vitambulisho, na..."

"Hayo ya zamani."

"Ndiyo. Yanaitwa historia."

Kisamo alicheka, akajipangusa vidole kwenye suruali. "Unaona ndiyo maana kitivo chenu kilifungwa? Mtu anauliza swali la ndiyo au hapana, mnampa hadithi. Mashine haili hadithi, Dokta, inakula kanuni. Saa sita mchana nataka kimoja, saini au orodha. Usiponipa orodha, mwenye kumkata mzee yule sauti ni wewe, siyo mimi wala Sikio."

Lililomchefua zaidi ni kwamba hapo mwishoni mtu yule hakuwa amesema uongo. Orodha alikuwa nayo kichwani. Angeweza kuiandika kabla chai haijapoa, akamtoa mzee, akaenda nyumbani akalala.

*

Kwenye benchi la korido alikaa Bibi Yustina, mjane, mikono mapajani. Alikuwa hapo tangu alfajiri. Walinzi walimwambia aende, akawaambia hana pa kwenda, msiba haujaisha.

"Shikamoo, mama," alisema Leokadia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye saini?" Hakungoja jibu. "Wale walinzi walipomkamata Komba, tulimalizia kuzika kimya. Kimya kabisa. Miaka hamsini mume wangu amewatukana Wangoni na Wangoni wamemtukana, halafu anazikwa kama mtu asiye na mtani duniani. Watu wananitazama. Wanajiuliza alifanya nini mtu huyu mpaka asitukanwe."

Leokadia alimshika mkono kidogo, kisha akaingia chumba cha mahabusu.

Mzee Gaudensi alikuwa amekaa na koti la marehemu begani. Alimtazama juu mpaka chini.

"Nani wewe?"

"Kihwele."

"Kihwele!" Mzee alijishika kichwa. "Mama Maria wee, wameniletea Mhehe anihukumu! Jamani, nina mbwa wangu nyumbani peke yake, mpigieni jirani amfiche!"

Taa ya ukutani iligeuka nyekundu. *Tusi la kabila*, ilisema ile sauti laini.

Leokadia alijua anarekodiwa. Lakini mtani akikurushia unamrudishia. "Kelele, Mngoni wewe! Babu zako waliona vumbi tu la babu zangu wakatupa ngao, mbio mpaka Songea. Leo umekuja kujificha kwenye kaburi la watu?"

"Mbio?" Mzee alijipiga paja. "Sisi tuliondoka kwa hiari, harufu ya vyungu vyenu ilitushinda!"

Taa iliwaka nyekundu, ikazima, ikawaka tena, na wao wawili walikuwa wanacheka kama watu waliojuana tangu utotoni. Ni miaka mingapi hakuwa amecheka na mtu asiyemjua? Halafu akakaa, akamweleza yote. Kiraka, orodha, bangili, saa sita.

Mzee aliuliza maswali machache. Aliuliza kama kiraka kinauma. Hakiumi. Aliuliza kama ataweza kunong'ona. Hataweza. Kisha akalipapasa koti.

"Hiyo orodha wakiwa nayo, mimi nitaandikwa Mngoni?"

"Wewe na wanao na wajukuu zako. Popote watakapopita."

"Na siku tukigombana kweli? Siyo utani, kugombana kwa ardhi au kwa uchaguzi?"

"Wataikuta iko tayari."

"Aka! Basi wanibandike." Alisema upesi, kama anayekataa chakula kilichochacha. "Mimi mzee. Nimeshasema vya kutosha, muulize mke wangu. Usiwape kitu, Mhehe. Umenisikia? Hata nikilia mbele yao, usiwape."

Sauti yake ilitetemeka pale mwisho, na aliona aibu kwa hilo, akageuza uso. Leokadia alitaka kumwambia neno la shukrani ila watani hawaambiani hivyo. Akamwambia Wangoni wote ni waoga isipokuwa mmoja aliyepotea njia, na mzee akatikisa kichwa akikubali.

*

Saa tano na nusu Leokadia alirudi mezani akaandika kwenye skrini: *Sitii saini. Sitoi orodha.* Alijua kitakachofuata. Faili litapelekwa kwa muidhinishaji mwingine, mtu mwepesi wa kitufe, na kabla ya chakula cha mchana mzee atakuwa bubu. Yeye atafukuzwa. Alijiona msafi kidogo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na hapo hapo akajichukia kwa kujiona msafi ilhali koo linalobandikwa kiraka ni la mwenzake.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Nuhu aliingia akihema, uso umemjaa furaha.

"Mama! Nimemwokoa!"

"Umemwokoa nani?"

"Mzee wako! Nilisikia Mkurugenzi amekubana, nikasema haiwezekani. Nikapekua kumbukumbu za zile picha za vitabu vya zamani. Nimeikuta tasnifu yako, mama! Kiambatisho cha tatu, jedwali la watani, makabila mia na kumi na nane, limenyooka kabisa. Nimelipatia Sikio, dakika kumi tu likaelewa lote. Mkurugenzi kafuta kesi sasa hivi."

Leokadia alisimama. Akakaa tena.

"Na makabila ya watu mmeyajuaje?"

"Majina ya koo, mama, na alikozaliwa babu. Usahihi ni asilimia tisini na sita." Alisema kwa fahari ya mtu aliyefaulu mtihani. "Nchi nzima imesomwa."

"Sura ya saba umeisoma?"

"Sura ya saba?"

"Ya tasnifu. Kurasa arobaini. Nimeeleza humo kwa nini jedwali lile lisishikwe na mtawala yeyote, awe mwema namna gani. Utani ni kitu watu wanafanyiana kwa hiari yao, wakiwa wanajuana, wakiwa wanaweza kukosea na kusameheana. Ukiuandikia ruhusa umeuua, na kinachobaki mkononi ni orodha ya makabila tu."

Nuhu alikunja uso kidogo, furaha yake bado haijamwisha yote. "Jedwali lilitosha, mama. Kurasa arobaini ni nyingi. Si ungeandika onyo pale pale juu ya jedwali?"

Ebo! Leokadia alivua miwani akaiweka mezani.

"Nimekosea wapi?" aliuliza Nuhu, na sasa alikuwa anauliza kwa dhati, macho yamemtoka. "Mzee yuko huru. Ana sauti yake. Niambie, nitarekebisha."

Alikuwa tayari kusikiliza, na hilo ndilo lililouma. Leokadia alifungua mdomo. Aanzie kwenye vita vya mababu? Kwenye vitambulisho? Kwenye namna mtu mwema anavyofanya ubaya mkubwa bila kunyanyua sauti? Hayo yote aliwahi kuyafundisha kwenye chumba hiki hiki, kila kundi miaka minne, mihadhara mitatu kwa wiki, vijana wakisinzia, wakibisha, wakibadilika polepole. Kijana huyu alihitaji miaka hiyo minne, na alikuwa anaiomba kwa sentensi moja kabla ya chakula.

Alikwenda chooni akatapika. Alitapika chai, akatapika nyongo, na ule ubani wa bandia ulikuwa umemfuata mpaka huko. Alinawa uso bila kujitazama kwenye kioo. Jedwali lile alilichora kwa mkono wake, akiwa binti wa miaka ishirini na saba, akilipenda, akilipambia mistari kwa rula.

*

Walimwachia Mzee Gaudensi saa saba. Bibi Yustina alikuwa akimsubiri getini, ameshika kitambaa chenye vitumbua, uso umechangamka. Leokadia alisimama hatua chache nyuma yake akiwa na boksi la vitu vyake, maana alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi.

Kwenye geti mlinzi alikisoma kifaa chake, akainua macho.

"Komba? Mngoni, sivyo?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa kuwa iliandikwa. "Mzee, mstari wenu ni ule pale. Sijui wametoa wapi huu utaratibu, nimeletewa sasa hivi."

Mzee alitazama mstari. Walikuwepo watu wawili ndani yake, hawajuani, kila mmoja anaitazama bangili yake. Alikwenda akasimama nyuma yao, akapitishwa, akatoka nje. Kwenye mstari wa pili mwanamke mmoja alimvuta mwanawe karibu, huenda ni kwa baridi.

Bibi Yustina alimwendea mikono wazi. "Njoo hapa, mkimbizi wa Songea wewe! Umemwacha mwenzio anazikwa kimya, hata jogoo hukungoja!"

Nguzo ya getini ilitoa mlio mtamu. "Habari za mchana," ilisema ile sauti ya kike. "Yustina Mhavile, Mhehe. Leokadia Kihwele, Mhehe. Gaudensi Komba, Mngoni. Watani waliothibitishwa. Mnaruhusiwa kutaniana hadi kiwango cha tatu, kwa muda wa dakika kumi. Mamlaka inawatakia utani mwema."

Taa ya nguzo iliwaka kijani, ikabaki inangoja.

Mzee Gaudensi alikuwa ameshafungua mdomo. Leokadia alimwona, tusi lilikuwa limefika kwenye meno, jicho moja limeshaanza kucheka. Watu wa mistari miwili waligeuka kumtazama. Mlinzi naye aligeuka, akitabasamu, akitaka kuona huo utani ulivyo.

Mzee alifunga mdomo. Alilivua koti la marehemu, akalikunja vizuri, akamkabidhi mjane kwa mikono miwili.

"Pole sana na msiba, mama," alisema. "Mungu amrehemu mzee. Alikuwa mtu mwema."

Bibi Yustina alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba amepigwa. Mzee alimgeukia Leokadia, akamwinamia kidogo.

"Asante kwa msaada wako, Dokta. Siku njema."

Leokadia alimtafuta machoni, akangoja. Hakikuja kitu. Nyuma yake mstari ulikuwa unasubiri, na taa ilikuwa bado kijani.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba."